Maswali ya wasomaji: Dume huyu mchanga abaki na mbegu au ahasiwe?

Salamu wapenzi wasomaji. Safari hii maswali mengi yaliyonifikia yanahusu madume wachanga wa ng'ombe, yupi abaki na mbegu na yupi ahasiwe, kwa hiyo ukurasa wote nimewapa wao. Swali la kwanza nimelipa nafasi kubwa manake ndani yake kuna karibu kila kitu ambacho wengine wameuliza vipande vipande.

SWALI: Daktari, nina madume wawili wa nyama, wamezaliwa na kukulia kwangu, malisho mamoja na dawa zilezile, na mama zao wote ni ng'ombe wakubwa sio mitamba. Nataka nibaki na mmoja. Mwekundu alizaliwa na kilo 36, nilimpima akiwa na siku 230 akawa na kilo 226. Mweusi alizaliwa na kilo 34, nikampima akiwa na siku 180 akawa na kilo 214. Sasa hivi wanakaribia miezi 14. Mwekundu ana kifua kipana, amenona, anang'aa, kila anayepita anamsifu, na kaka zangu wote wanasema huyo ndo dume. Mke wangu peke yake ndo anasema nibaki na mweusi kwa sababu mama yake hajawahi kuruka mwaka bila kuzaa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu yangu, kwanza hongera kwa kuandika tarehe na kilo, wengi hapo ndo wanaponiacha sina la kuwaambia. Na kabla hujamuita mtu wa kuhasi naomba umsikilize mkeo, manake namba zako mwenyewe zinamuunga mkono.

Nyie mnalinganisha kilo 226 na kilo 214 kana kwamba walipimwa wakiwa na umri mmoja, wakati mwekundu alikuwa ametangulia siku 50 nzima za kunyonya na kula. Njia ya kuwaweka sawa ni kuwapeleka wote kwenye siku 205. Unachukua kilo za siku uliyompima unatoa kilo za kuzaliwa, unagawa kwa siku zake, unazidisha kwa 205, alafu unarudisha kilo za kuzaliwa. Mweusi aliongeza kilo 180 ndani ya siku 180, yaani kilo moja kila siku, kwa hiyo siku ya 205 angekuwa na kilo 239. Mwekundu aliongeza kilo 190 kwa siku 230, ni kama gramu 826 kwa siku, ukimpeleka kwenye 205 anapata kilo 205 tu. Kilo 34 nyuma ya yule mnayemuita mdogo! Na kwa vile wamekulia sehemu moja, wakala sawa, na mama zao hakuna aliyekuwa mzao wa kwanza mwenye maziwa machache, huo ulinganisho ni wa haki kabisa. Ungekuwa umenunua mmoja kwingine nisingekubali uwalinganishe hivyo, maana hapo ungekuwa unapima chakula cha mwenye zizi na sio damu ya dume.

Hoja ya mkeo kuhusu mama nayo ni nzito kuliko inavyosikika. Ng'ombe anayezaa kila mwaka bila kuruka, akiwa kwenye malisho yaleyale ambayo wenzake wanaruka, anakuonyesha anayamudu mazingira yako, na mwanae wa kiume ndo njia ya haraka ya kulisambaza hilo kwenye kundi zima. Kila ndama anabeba nusu ya damu ya dume. Kama unabaki na mitamba yako mwenyewe, basi damu iliyomo kwenye ndama wako wa leo, asilimia 50 ni ya dume wa sasa, 25 ya yule aliyekuwepo kabla yake na 12.5 ya wa kabla ya huyo, jumla asilimia 87.5 imetoka kwa madume watatu tu. Ndo maana nakasirika nikisikia mtu amechagua dume kwa dakika tano za kuegemea uzio.

Lakini usimpe mweusi kazi bado. Kilo na mama zinakwambia anastahili kupimwa, hazikwambii kama anaweza kuzalisha, na hapo lazima tushuke chini, kwenye korodani, sehemu ambayo wanaosifia kifua hata hawaiangalii.

Muingize kwenye kibanio kizuri, simama nyuma yake, shika shingo ya mfuko wa korodani kwa juu na uzivute korodani zote mbili taratibu mpaka zikae chini kabisa ya mfuko, zikiwa sambamba. Vidole vyako vikae pembeni, usiingize kidole gumba katikati ya korodani manake zitaachana na utepe utakudanganya kwamba ni kubwa. Alafu zungusha utepe wa kupimia pale palipo panene zaidi, ukaze kiasi cha kugusa ngozi vizuri basi. Kipimo kinachotumiwa sana na madaktari wa mifugo kinataka dume wa mpaka miezi 15 awe na sentimita 30 angalau, wa miezi 15 hadi 18 awe na 31, 18 hadi 21 awe na 32, 21 hadi 24 awe na 33, na akipita miaka miwili 34. Hizo ni za ng'ombe wasio na nundu. Wenye nundu wanachelewa kubalehe, kwa hiyo usimhukumu dume wa aina hiyo akiwa na mwaka mmoja kwa jedwali hilohilo, utamuonea.

Kwa nini sentimita zina maana hivyo? Kwa sababu korodani kubwa inatengeneza mbegu nyingi zaidi kwa siku, na kwa sababu ukubwa huo unarithiwa vizuri tu, tena mabinti wa dume mwenye korodani kubwa huwa wanabalehe mapema kuliko wa yule mwenye ndogo. Yaani unapima dume lakini unachagua na mitamba ijayo.

Ukimaliza kupima papasa. Korodani zote mbili ziwepo, zilingane au zikaribiane, ziteleze ndani ya mfuko bila kushikana na ngozi, na ukibonyeza ziwe ngumu kiasi na zirudi, sio laini tepetepe wala ngumu kama jiwe. Chini kabisa utasikia kinundu kidogo kila upande, huko ndo mbegu zinakosubiri, kisipokuwepo au kikiwa kimevimba na kinauma, muulize daktari. Dume ambaye korodani moja haijashuka mhasi bila majadiliano, hata kama anaweza kuzalisha, maana kasoro hiyo inarithiwa. Angalia na umbo la mfuko wenyewe, uwe na shingo juu na ushuke, usiwe umebanana na tumbo, kwa sababu mbegu zinahitaji ubaridi wa nyuzi kadhaa chini ya joto la mwili.

Na hapo ndo nawarudia kaka zako na unene wa mwekundu. Dume mchanga aliyenoneshwa kwa nafaka anaweka mafuta mpaka kwenye shingo ya mfuko wa korodani, mafuta yale yanazuia joto kutoka, na mbegu zinaharibika wakati nje anaonekana yuko vizuri kweli. Nafaka nyingi pia inaumiza kwato. Kwenye kipimo cha hali ya mwili, 1 ni aliyekonda kabisa na 9 ni mnene kupita kiasi, dume wa kuingia kazini awe kwenye 5 au 6, ana akiba kidogo maana msimu utamkondesha, ila mbavu za nyuma bado unazihisi kwa mkono. Kama mwekundu ni mnene mpunguzie pole pole kwa wiki kadhaa, usimkatie ghafla.

Baada ya hapo miguu. Watembeze wote wawili kwenye ardhi ngumu, sio kwenye majani marefu yanayoficha kwato, uwaangalie kwa ubavu alafu kwa nyuma. Mguu wa nyuma unatakiwa ukanyage pale ulipotoka mguu wa mbele wa upande huohuo au karibu sana. Akikanyaga mbali nyuma ya alama hiyo kila hatua, hatua zake ni fupi, kuna kitu kinambana. Ninayemwogopa zaidi ni dume mwenye miguu ya nyuma iliyonyooka wima kama nguzo, kwa sababu watu wanamuona amesimama kwa fahari kumbe kiungo chake hakina mkunjo wa kupokea uzito, na kazi ya kupanda yote inabebwa na miguu ya nyuma. Huyo atachechemea msimu wa kwanza au wa pili. Aliyekunja kupita kiasi, au magoti ya nyuma yanakaribia kugusana, naye ana tatizo ila kidogo tu sio mbaya. Angalia na kucha, mbili za kila mguu zilingane, zisijikunje wala kupishana, na kama ncha za nyuma zimelika zenyewe ujue anaburuta miguu.

Mengine ni ya haraka. Macho mawili mazima, kwa sababu dume anatafuta jike mwenye joto, yaani aliye tayari kupandwa, kwa macho pia sio kwa pua peke yake. Ngozi inayofunika uume isining'inie chini sana, hasa kwa wenye nundu, itachanwa na miiba. Tabia, dume anayekushushia kichwa na kukugeuzia ubavu akiwa bado ana miezi 14 hatatulia akifika kilo 700, muondoe. Rangi sina la kusema.

Kwa hiyo mkeo yuko sahihi mpaka hapa, mweusi ndo wa kupimwa kwanza. Ila usimhasi mwekundu mpaka daktari amalize na mweusi na apite, maana ukishahasi hakuna kurudi.

SWALI: Daktari shikamoo. Dume wangu ana miezi 13, sentimita 31, miguu safi, lakini daktari wa huku alimpima manii akasema amefeli. Nimuuze akachinjwe?

JIBU: Marahaba, usimuuze bado. Daktari akiangalia manii kwa darubini anatafuta mambo mawili makubwa, angalau asilimia 30 ya mbegu ziwe zinaogelea kwenda mbele, na angalau asilimia 70 ziwe na umbo la kawaida. Muulize alifeli lipi. Dume aliyebalehe juzi juzi huwa ana mbegu nyingi zenye kasoro ambazo zinapungua zenyewe ndani ya miezi michache, na kwa miezi 13 uwezekano huo ni mkubwa sana, mara nyingi wa mwaka mmoja anafeli alafu kwenye miezi 15 au 16 anapita vizuri kabisa.

Jaribu kukumbuka pia kama aliumwa. Mbegu moja inachukua kama siku 61 kutengenezwa, alafu wiki moja na zaidi kupita na kukomaa kabla ya kutoka, kwa hiyo homa ya kupe, jeraha la mguu, joto kali au safari ndefu ya gari ya miezi miwili iliyopita unaweza kuyaona leo kwenye darubini wakati dume mwenyewe amepona na anakula. Ndo maana tunasema apimwe tena baada ya siku 60, sio wiki ijayo. Na hakikisha manii hayakupata baridi kabla ya kuangaliwa, maana mbegu zikipoa zinasinzia na zitaonekana mbovu. Akifeli na mara ya pili akiwa mzima na umri umesogea, hapo ndo ninakubaliana na wewe.

SWALI: Nilinunua dume kwa mtu, aliniambia ana mwaka mmoja na amepimwa mbegu. Anapanda vizuri, anapanda kila saa, lakini ng'ombe wanarudi kwenye joto baada ya wiki tatu. Tatizo nini?

JIBU: Dada yangu, kwanza mfungue mdomo. Meno ya mbele ya chini yakiwa yote ya utoto, madogo madogo, basi kweli ni mchanga. Ukikuta mawili ya katikati ni mapana ya utu uzima huyo ana kama mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na aliyekuuzia hakukwambia ukweli. Sio umri wenyewe unaonisumbua, ni alikuwa wapi muda huo wote, na alipanda ng'ombe wa nani.

Kuna magonjwa ya zinaa ya ng'ombe, trikomonasi na kampilobakta, dume anayabeba kwenye ngozi ya uume bila dalili hata moja, anakula, ananenepa, anapanda, na kila jike anayempanda anaweza kuambukizwa, mimba ikaharibika mapema sana na yeye akarudi kwenye joto, wengine baada ya wiki tatu, wengine wanachelewa zaidi. Kipimo cha manii cha kawaida hakiyaoni, yana vipimo vyake ambapo daktari anachukua majimaji ya kwenye ngozi hiyo. Mtenge leo hii, asipande hata mmoja mpaka majibu yatoke, na umwambie daktari achukue na damu kuangalia brusela, ule ugonjwa wa kutupa mimba ambao unawapata na binadamu, kwa hiyo mkizalisha ng'ombe aliyetupa vaeni glovu, na maziwa chemsheni.

Alafu kaa umuangalie anavyopanda, mpaka mwisho. Kupanda kila saa sio kuzalisha. Dume aliyemaliza kazi utaona anasukuma kwa nguvu mara moja kiasi cha miguu ya nyuma kutaka kuruka, alafu anashuka na anapumzika kidogo. Anayepanda na kushuka, kupanda na kushuka, bila huo msukumo, mara nyingi uume hauingii. Wengine una kamba ya ngozi inayouvuta chini, hiyo ni kasoro ya kuzaliwa, wengine unajipinda mbele, wengine una uvimbe wa sugu. Na kinyume chake kipo pia, dume mwenye sentimita 38 na manii safi kabisa lakini hana hamu, anakula majani pembeni ya jike aliyesimama. Hamu haionekani kwenye utepe wala kwenye darubini, lazima umuone kwa macho akiwa na jike mwenye joto.

SWALI: Mimi nafuga wa maziwa. Nimeambiwa dume mwenye chuchu ndefu zilizopangana vizuri mabinti zake wanakamuliwa sana. Ni kweli? Na naweza kumuacha apande dada zake wa baba mmoja?

JIBU: Usichague dume wa maziwa kwa chuchu zake. Maziwa hayaonekani kwa dume, yanaonekana kwa mama yake, bibi zake, dada zake, na baadae kwa mabinti zake. Kwa hiyo uliza rekodi, na sio lita za siku moja nzuri, uliza mama alikamuliwa kiasi gani kwa kipindi kizima, alizaa mara ngapi, kiwele kimebaki juu au kimeshuka mpaka kinagusa matope, ugonjwa wa kiwele ulimpata mara ngapi. Mama mwenye mizao mitano na kiwele bado kimeshikana na mwili ananivutia kuliko yule wa mzao mmoja wenye lita za kutangazia. Kwa nchi zenye rekodi nyingi siku hizi wanasoma vinasaba vya ndama dume kwa nywele au kipande cha sikio, Marekani walianza kutoa makadirio rasmi ya namna hiyo kwa madume wa maziwa 2009, na yamepunguza sana kubahatisha, ingawa bado ni makadirio.

Kuhusu dada zake, hapana kabisa. Kulikuwa na dume wa Holstein, aina ya ng'ombe wa maziwa, huko Marekani, Pawnee Farm Arlinda Chief, alizaliwa 1962, mabinti zake walikuwa na maziwa mengi ajabu, akawa na mabinti zaidi ya 16,000 kwa uhimilishaji, yaani majike kuwekewa mbegu zake bila yeye kuwapanda. Ndani yake alibeba kasoro moja ya kinasaba iliyojificha, yeye mwenyewe mzima, mabinti wazima, lakini wajukuu na vitukuu walipokutanishwa wenyewe kwa wenyewe, kila mimba ambayo baba na mama wote wamebeba ile kasoro ina nafasi moja kati ya nne ya kuharibika tumboni. Inakadiriwa mimba zaidi ya nusu milioni zilipotea duniani kabla wanasayansi hawajaijua. Huyo alikuwa dume bora kwa kila kipimo cha wakati wake. Wa kwako naye anaweza kuwa amebeba kitu, na kitajitokeza pale tu utakapomkutanisha na damu yake. Kabla mabinti zake hawajafika umri wa kupandwa, awe ameshabadilishwa.

Na tafadhali, madume wa Holstein na Jersey ni hatari kuliko wengi wa nyama, hasa aliyelelewa peke yake kwa chupa akawazoea watu. Usimgeuzie mgongo hata siku moja, watoto wasimsogelee.

SWALI: Dume wangu wa kwanza amepita vipimo vyote, ana miezi 16. Nimuachie ng'ombe wote 40? Au nimchanganye na fahali mzee nilionae wasaidiane?

JIBU: Mafahali wawili hawakai zizi moja, na kwa mzee na kijana hilo ni kweli zaidi. Mzee atamfukuza, atamuumiza, na atapanda karibu wote yeye, kwa hiyo kama mzee ndo mwenye mbegu mbovu utamaliza msimu huna mimba wakati kijana mzima yupo pembeni anaangalia. Wagawie makundi. Kijana hesabu jike mmoja kwa kila mwezi wa umri wake, miezi 16 majike 16, na hata akifika miaka miwili msimu wa kwanza asizidi kama 25. Waliobaki mpe mzee, naye akiwa amepimwa msimu huu, sio cheti cha mwaka juzi.

Mkague kijana kila siku chache za mwanzo, kama anatembea vizuri na kama anamaliza kazi. Andika tarehe ya kila jike aliyepandwa, alafu kuanzia siku ya 18 mpaka ya 24 angalia nani anarudi. Wakirudi wengi mtoe mapema, bado una muda wa kuweka mwingine. Msimu wake wa kwanza usizidi siku 60, atakuwa amepungua kilo nyingi na bado anakua, mrudishe kwenye chakula kizuri apumzike.